Binti yangu amepata nafasi ya UWC nchini Norwei: nishaurini kabla sijatia saini

Mzazi wa Tanga ameuliza:

Assalaam alaykum na heri kwenu nyote. Mimi ni fundi seremala, baba wa watoto wanne, naishi Tanga mjini. Binti yangu wa pili alimaliza Kidato cha Nne mwaka jana na kupata daraja la kwanza la pointi 11. Mwalimu wake wa Kemia ndiye aliyemwonyesha fomu za kamati ya taifa ya vyuo viitwavyo United World Colleges, ambavyo wenyewe huviita UWC tu. Akajaza, akaandika insha, akaitwa kwenye usaili Dar es Salaam, akakaa huko siku mbili pamoja na vijana wenzake, na mwezi uliopita tukaletewa barua kwamba amependekezwa kwenda kusoma miaka miwili katika chuo chao kilichopo Flekke, magharibi mwa Norwei, kwa ufadhili. Kusema kweli nilidhani ni kazi ya matapeli, mpaka mwalimu mwenyewe alipokuja nyumbani akakaa kwenye benchi langu la karakana na kunieleza mwanzo hadi mwisho.

Furaha ipo, siifichi. Ila binti ana miaka 17 na hajawahi kulala nje ya nyumba yetu zaidi ya wiki mbili, na hizo zenyewe zilikuwa kwa bibi yake Pangani. Tena serikali imempangia Kidato cha Tano kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na anatakiwa kuripoti Julai, ilhali huko Norwei masomo huanza mwishoni mwa Agosti. Akichagua safari atakuwa ameiachia nafasi ya nyumbani, na ikiharibika huko sioni mlango wa kurudia.

Ninayotaka kuyajua kwa aliyepita njia hiyo ni haya. Hiyo diploma ya kimataifa ya IB (International Baccalaureate) wanayosomea, akirudi nayo, itapokelewa chuo kikuu cha tiba cha Muhimbili? Maana tangu darasa la tano hana neno jingine ila udaktari. Pili, mtoto wa Kiislamu anaishije huko, kwa swala, chakula na chumba cha kulala? Na tatu, barua inasema ufadhili ni kamili, lakini mimi nimezoea kwamba kila kazi iliyoandikwa kamili huwa na misumari ambayo mteja hakuihesabu.

Mhitimu wa Flekke amejibu:

Shikamoo baba, na hongera kwa malezi. Mimi ni mtoto wa Unguja, nilisoma Flekke kuanzia Agosti 2021 hadi Mei 2023, kwa hiyo nitajibu lile swali lako la katikati na kuwaachia wengine hayo mawili.

Kwanza nikutoe hofu ya utapeli. Vyuo hivi vilianza mwaka 1962 katika ngome ya kale ya St Donat's huko Wales, kwa fikra za mwalimu wa Kijerumani, Kurt Hahn, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Wazo lake lilikuwa kwamba vijana wa mataifa yaliyopigana vita wakilala chumba kimoja na kula sahani moja wakiwa na miaka 16 au 17, kabla chuki za wakubwa hazijawakolea, itawawia vigumu baadaye kunyosheana bunduki. Leo vipo 18. Kimojawapo kiko kwetu, Moshi na Arusha, tangu 2019. Cha Flekke kilifunguliwa mwaka 1995 na kina wanafunzi wapatao mia mbili kutoka nchi nyingi mno, wakikaa katika nyumba tano zilizopewa majina ya nchi za Nordic.

Chumba kina vitanda vitano. Ndani ya nyumba moja hukaa wavulana na wasichana, ila chumba cha wasichana ni cha wasichana, na hakuna anayeingia humo bila hodi. Mimi nilipewa kitanda cha dirishani, na usiku wa kwanza nilitundika kanga ya mama yangu mbele yake, si kwa kuficha kitu, ni kwa sababu sikuwahi kubadili nguo mbele ya mtu asiye ndugu yangu. Wenzangu wanne hawakuuliza. Baada ya wiki mbili yule wa kitanda cha pili naye akaomba kanga, na kufika Desemba chumba chetu kilikuwa kama duka la Darajani, kila kitanda na pazia lake.

Swala inawezekana, baba, lakini saa za huko zinataka akili. Flekke ipo juu sana kaskazini, na mwezi Desemba mchana wake haufiki urefu wa saa sita. Jua linasimama kidogo tu juu ya mlima, halafu linatua alasiri yetu ikiwa bado mbichi, kiasi kwamba Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zote huingia ndani ya muda wa saa tatu hivi. Nilikuwa nikitoka darasani saa tisa na nusu naona giza, moyo unaruka kwa kudhani nimelala nikapitwa na siku nzima. Huzuni ya giza hilo si hadithi. Mwambie atoke nje kila siku wakati jua likiwepo, hata kama mvua inanyesha, na upande ule wa Norwei mvua hainyeshi kwa msimu kama masika yetu, inanyesha tu. Koti la mvua litamfaa kuliko sweta la tatu.

Mwaka wangu wa mwisho Ramadhani iliingia Machi na kuisha tarehe 20 Aprili. Hapo mambo yamegeuka upande wa pili: siku za mwisho jua lilikuwa likizama baada ya saa tatu usiku, na mitihani ya IB ilikuwa imebakiza siku chache tu kuanza. Tulikuwa Waislamu wachache, tukifuturu pamoja jikoni kwa tende na uji, na wapo wasio Waislamu waliokaa nasi kila usiku kwa sababu ya uji tu. Kwa miaka hii Ramadhani imesogea hadi Februari na Machi, kwa hiyo binti yako atafunga siku zisizo ndefu sana. Kuhusu nyama, mimi nilikula samaki na mboga, na nikitamani kitu cha nyumbani nilisukuma chapati. Unga wa ngano haukosekani popote.

Kilichonitesa hasa hakikuwa baridi wala chakula. Walimu huitwa kwa majina yao ya kwanza. Mimi ulimi ulikataa kabisa; kwa miezi miwili nilikuwa nikisubiri mwalimu anigeukie mwenyewe ili nisilazimike kumwita. Tena darasani mwanafunzi anamwambia mwalimu kwamba hakubaliani naye, na mwalimu anafurahi. Mtoto aliyelelewa kwetu hunyamaza, na kunyamaza huko husomwa kama hajui au hataki. Ripoti yangu ya kwanza iliandika kwamba natakiwa "kushiriki zaidi", na baba yangu alinipigia simu akidhani nimekuwa mtoro. Mwandae kwa hilo, baba. Mwambie kuongea mbele ya mkubwa huko si utovu wa adabu, na kwamba adabu yake hatapokonywa.

Jirani na chuo pana kituo cha tiba ya utengamao cha Msalaba Mwekundu, na huduma kwa wengine ni sehemu ya masomo. Kama ana ndoto ya udaktari, ataanza kuonja huko namna mwili wa mtu unavyojifunza upya kutembea.

Mama wa Nairobi amejibu:

Baba, hongera. Mimi nitasema kuhusu misumari uliyoitaja, kwa sababu niliilipia mmoja mmoja.

Mwanangu alikwenda katika chuo kimoja cha jamii hiyo hiyo, katika bara lingine, na jina la chuo halitasaidia chochote hapa. Barua yetu nayo ilisema kamili. Kamili ile ilikuwa ya karo, kitanda na chakula wakati chuo kimefunguliwa. Haikuwa ya nauli ya kurudi nyumbani likizoni, haikuwa ya bima yote, haikuwa ya viza, wala ya pesa za mfukoni. Desemba ya kwanza mabweni yalifungwa kwa wiki tatu na mtoto wangu aliambiwa kwa barua pepe, siku kumi kabla, kwamba atafute mwenyeji. Siku kumi! Nilikuwa nimeketi kwenye matatu nikielekea kazini nilipoisoma barua ile, na nilishuka kabla ya stegi yangu ili nipate mahali pa kulia. Mwishowe familia ya mwanafunzi mwenzake ilimchukua, na mpaka leo yule mama tunasalimiana kila Krismasi, lakini haikupaswa kuwa bahati.

Kwa hiyo usiulize kama ufadhili ni kamili. Andika barua, au binti aiandike nawe uisome, ukiuliza vitu kwa majina yavyo. Nauli ni ya mara ngapi kwa miaka miwili? Likizo ya Desemba mabweni hufungwa, na kama hufungwa mwanafunzi wa mbali hulala wapi? Bima inalipa meno na miwani? Nguo za baridi ni za nani? Wakijibu kwa maandishi, ihifadhi barua hiyo. Watu wa kamati za taifa wengi wao ni wahitimu wanaojitolea baada ya kazi zao, wana nia njema, lakini nia njema haikati tiketi.

Anza na pasipoti leo ikiwa hana. Halafu kibali cha kuishi: mtoto ambaye hajafika miaka 18 huhitaji ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Sisi tulikwama hapo kwa sababu baba wa mtoto alikuwa kazini baharini, na sahihi yake ilichukua wiki tano kutufikia.

Jambo la mwisho, nalo si la pesa. Muhula wa kwanza alipiga simu kila siku. Wa pili, kila Jumapili. Mwaka wa pili nilikuwa nikimwona kwenye picha za wengine. Niliumia sana, nikafikiri nimempoteza, kumbe alikuwa na insha ya maneno elfu nne ya kumaliza na hakuwa akilala. Hata hivyo, ningempeleka tena.

Mwananchi wa Dodoma amejibu:

Mimi nitasema wasilolisema wenzangu. Serikali imempa mtoto nafasi ya Kidato cha Tano, tena PCB, karibu na nyumbani, kwa njia iliyonyooka hadi Muhimbili. Kwa nini uiache njia iliyonyooka ukapite Norwei? Wengi wanaokwenda huko huunganisha na vyuo vikuu vya Marekani, na baada ya hapo tunawaona kwenye mtandao wakiwaandikia Watanzania namna ya kuishi. Tunapeleka vichwa vyetu bora bure, halafu tunaomba madaktari wa kujitolea kutoka nje.

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi, amejibu:

Ndugu wa Dodoma amesema jambo lenye uzito, japo nusu yake sikubaliani nayo, na nitafika hapo. Nimefundisha mtaala wa IB kwa miaka mingi, na swali la Muhimbili ndilo ningependa lijibiwe kwa makini kuliko mengine, kwa kuwa nimeona watoto wakiumia juu yake bila kosa lao.

Kwetu mwanafunzi wa Kidato cha Tano hubeba masomo matatu ya tahasusi na kuyachimba. IB haikubali hivyo. Kila mwanafunzi husoma masomo sita kutoka makundi tofauti: fasihi ya lugha yake, lugha ya pili, somo la jamii kama Historia au Uchumi, somo la sayansi, Hisabati, na la sita ni sanaa au somo jingine badala yake. Matatu husomwa kwa kiwango cha juu, cha saa 240, na matatu kwa kiwango cha kawaida, cha saa 150. Kila somo lina alama 7. Juu yake kuna somo la nadharia ya maarifa na ile insha ya utafiti ya maneno 4,000 aliyoitaja mama wa Nairobi, ambazo kwa pamoja zaweza kuongeza alama 3, na ndiyo maana mnasikia watu wakitaja 45. Diploma hupatikana kuanzia alama 24, pamoja na masharti mengine kadhaa, mojawapo likiwa kutimiza shughuli za ubunifu, michezo na huduma, ambazo hazina mtihani lakini asiyezitimiza hapewi cheti hata akipata saba zote.

Sasa tazama mtego ulipo. Ukiyapanga masomo hayo sita, nafasi za sayansi ni mbili tu: ile ya kundi lake, na ile ya sita inayoweza kuachiwa sanaa. Mtoto wa udaktari huchagua Kemia na Baiolojia, na washauri wa huko humwambia amechagua vema, kwa sababu kwa vyuo vingi vya Ulaya amechagua vema kweli. Miaka miwili baadaye anarudi nyumbani, anakuta udaktari kwetu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ndiyo inayotoa ulinganifu wa matokeo ya nje, lakini NECTA haiwezi kulinganisha Fizikia ambayo mtoto hakuisoma. Nimemwona kijana mwenye alama 38 akiwa ameketi kwenye ngazi za ofisi moja na bahasha mapajani, hajui alikosea wapi.

Mlango upo, ila hufunguliwa mwanzoni tu. IB huruhusu, kwa kibali maalumu, mwanafunzi aache somo moja la kundi jingine na kuchukua sayansi ya tatu, iwapo ataonyesha kwa maandishi kwamba chuo kikuu cha nchi yake kinadai hivyo. Mratibu wa IB wa chuo ndiye anayeomba, na ratiba ya chuo lazima imudu masomo hayo matatu bila kugongana. Wiki mbili za mwanzo, wakati wanafunzi wanazunguka madarasa kuonja masomo, ndizo zitakazoamua kama binti yako atasoma udaktari Tanzania. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, andikieni chuo mkiambatanisha kurasa za mwongozo wa udahili za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, zinazoonyesha vigezo vya udaktari, na muulize swali moja tu: je, ataweza kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na mtamwombea kibali? Jibu likiwa hapana, basi ndugu wa Dodoma ameshinda, na PCB ya nyumbani ndiyo njia.

Kuhusu Marekani: upo ufadhili wa Davis, ulioanza mwaka 2000, unaowasaidia wahitimu wa vyuo hivi kusoma shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vingi vya huko. Ni nafasi nzuri sana, na ndiyo inayowapeleka wengi anaowalalamikia ndugu yetu. Lakini kule Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, si moja kwa moja kama kwetu, na ufadhili huo haufiki huko. Mtoto anayesema "udaktari" na kukubali Davis anaongeza miaka minne kabla hajaanza kusomea anachokitaka, kisha anatafuta mfadhili upya. Ni vema alijue hilo akiwa na miaka 17 kuliko akiwa na 22.

Nimeacha la mwisho lile linalonihusu zaidi. Nusu nisiyokubaliana na ndugu wa Dodoma ni hii: kwamba mtoto akienda kule amepotea kwetu. Inategemea anakwenda na nini. IB humpa mwanafunzi haki ya kusoma fasihi ya lugha mama yake hata kama chuo hakina mwalimu wa lugha hiyo. Hujisomea mwenyewe, kwa kiwango cha kawaida, akisimamiwa na mratibu ambaye mara nyingi hajui hata neno moja la Kiswahili. Watoto wengi wa kwetu huogopa, wakachukua Kiingereza peke yake. Mimi huwaambia wachukue Kiswahili. Vitabu ni tisa kwa miaka miwili. Visivyopungua vinne lazima viwe vimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na visivyopungua vitatu viwe tafsiri kutoka lugha nyingine. Kuna mtihani wa mdomo unaorekodiwa na kupelekwa kusahihishwa nje, na karatasi mbili za kuandika, moja ya kuchambua kifungu ambacho hajawahi kukiona na nyingine ya kulinganisha vitabu viwili. Akisoma Kiswahili kama lugha ya kwanza pamoja na Kiingereza kama lugha ya kwanza pia, na kufaulu vyote viwili, diploma yake huandikwa kuwa ya lugha mbili.

Si kazi nyepesi. Nimewahi kumsaidia msichana mmoja kwa njia ya mtandao, kila Jumamosi saa moja jioni, yeye akiwa bara jingine katika chumba cha watu wanne. Tulikuwa tukihesabu mizani ya shairi. Hakuweza kuisikia akisoma kimyakimya, nikamwambia asome kwa sauti na kugonga meza kwa kidole. Akaanza: nane, nane, kituo. Nane, nane, kituo. Mara nikasikia vidole vingine vinagonga pamoja naye. Wenzake wawili wasiojua maana ya hata mshororo mmoja walikuwa wamesogea, na wao ndio waliomwonyesha mshororo uliopungua mizani moja, kwa sababu wao walikuwa wakisikia mlio tu, hawakushughulika na maana. Aliniambia baadaye kwamba miaka kumi na miwili ya shule nyumbani hakuwahi kuisikia lugha yake namna ile.

Anunue vitabu hapa kabla ya kuondoka. Huko havipatikani, na kusoma riwaya yenye kurasa mia tatu kwenye simu ni adhabu. Kabla ya kununua, aombe mratibu ampatie orodha ya waandishi wanaokubaliwa, asije akabeba kitabu kizuri kisichohesabika.

Mhitimu wa Flekke ameongeza:

Mwalimu, ahsante. Mimi ni mmoja wa walioogopa, nikachukua Kiingereza peke yake. Najuta.

Kwa ndugu wa Dodoma: nipo Unguja, nafanya kazi Unguja, na sasa hivi naandika haya nikisubiri foleni ya mafuta.

Mzazi wa Tanga amerudi:

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimechapisha majibu yenu yote dukani kwa jirani, nikampa binti ayasome mbele yangu na mama yake. Alipofika pale pa Fizikia alinyamaza kwa muda, kisha akasema hakuna hata mtu mmoja kwenye usaili aliyewahi kumwambia hilo, na akaomba kompyuta ya mwalimu wake ili aandike barua siku hiyo hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza chake mwenyewe. Mimi nimeongeza sentensi moja tu, ile ya mama wa Nairobi kuhusu Desemba na mahali pa kulala. Mwalimu wa Kemia ametusaidia kupata kurasa za TCU na zimekwenda pamoja na barua. Ombi la pasipoti nalo limekwisha kupelekwa Uhamiaji, shilingi 150,000, kwa sababu nimeona hata asipokwenda Norwei pasipoti haiozi.

Saini yangu bado. Nasubiri jibu la hizo sayansi tatu, na nimemwahidi kwamba likija la ndiyo nitatia saini siku hiyo hiyo, na likija la hapana tutakaa tena, yeye ndiye atakayeanza kusema. Ameridhika. Aliniuliza pia kama akiwa huko aweze kunipinga kwa simu, kwa kuwa dada wa Unguja amesema ndiyo adabu ya huko. Nikamwambia aanze na walimu kwanza.

Orodha ya waandishi bado haijafika, lakini bibi yake wa Pangani hasubiri orodha wala saini. Amekuja jana na basi la asubuhi, ameleta sanduku la marehemu babu, na tumekwenda kulipima kwenye mizani ya duka la unga ili tujue kilo 23 za mzigo wa ndege zina ukubwa gani. Tukaweka matofali manne kuwa ndiyo vitabu tisa vya Mwalimu, koti nililoazima kwa jirani kuwa ndilo la mvua, kanga sita za mapazia, na chupa mbili za achari ya embe. Ikasoma kilo 26. Binti akaitoa chupa moja ya achari, bibi akairudisha, akatoa tofali.

Mwalimu, hivi kati ya vile tisa hakuna kimoja chembamba?